Mama Mkwe Ndani ya Mita Kumi na Mbili

Habari kwamba tunakwenda kuishi kwenye mashua mama aliipata akiwa anachambua maharage, nyumbani kwake karibu na Uwemba. Mume wangu alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwake, ametazama ukutani. Aliniambia mimi, mimi nikamwambia mama, na mama, ambaye masikio yake hayana tatizo lolote, akasubiri nimalize kisha akaniambia, "Mwulize, ukipika humo ndani, moshi unatokea wapi?"

Nikamgeukia mume wangu nikamwuliza. Akasema wanapikia gesi. Nikamgeukia mama nikamwambia gesi.

Ndivyo walivyoishi wale wawili tangu siku ya harusi yetu. Kwa jinsi mama alivyolelewa, mkwe wa kiume ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, huli naye, humwiti, hulali naye chini ya paa moja. Mume wangu anatoka Ludewa, kando ya ziwa, ambako kwao mambo haya yamelegea kidogo, lakini alimpenda mama kiasi cha kuyafuata yote. Miaka kumi walikuwa hawajasemeshana neno moja, na kila mmoja akinisifia mwenzake pembeni.

Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Wazee wawili wa kigeni walimwajiri awatunzie mashua yao ya tanga huko visiwa vya Karibi. Wao huja miezi miwili kwa mwaka na kulala hotelini, kwa kuwa mgongo wa bwana haukubali tena vitanda vya chomboni. Siku nyingine zote mashua ilihitaji mtu wa kuishi ndani yake, vinginevyo inaoza. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mjini Njombe. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimewafundisha watoto waliovaa masweta mawili mawili maana ya mlingoti, tanga, demani na nanga, na sikuwa nimewahi kuona hata kimoja. Nikaomba likizo bila malipo, tukamchukua binti yetu wa miaka minane, tukaenda.

Mashua ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili. Ukisikia mita kumi na mbili unafikiria ukumbi, lakini toa mahali pa injini, pa matangi ya maji, pa kamba, na ile sehemu ya mbele inayochongoka kama penseli, utabaki na chumba kimoja chenye meza, jiko la kusimama mtu mmoja, vyumba viwili vya kulala ambavyo unaingia kwa magoti, na choo. Tulitia nanga kwenye ghuba moja ya Grenada, tukaanza maisha. Binti yangu alisomea mezani. Nguo tulianika kwenye kamba za pembeni, na upepo ulituibia soksi. Mkate nilioka mwenyewe.

Nyumbani maisha hayakutusubiri. Sisi tulikuwa nyuma yao kwa saa saba, hivyo nilipoamka na kuwasha simu, ukoo wetu ulikuwa umeshagombana, umeshapatana na umeshakula mchana. Kaka yangu mkubwa, mwenye banda la mbao Makambako, ndiye aliyenisimulia yote, huku nyuma yake msumeno ukilia. Nani amelazwa Ilembula na nani ametoka, shamba la nani limeingiliwa na ng'ombe, na mdogo wetu wa mwisho amepata mchumba Kichiwa.

Kisha nikapata mimba. Mama aliposikia hakuuliza kama anahitajika.

"Nani atakukanda?" akasema kwenye simu.

"Mama, huku kuna joto sana. Hawakandi."

"Joto la nje halikandi mtu. Nakuja."

Kaka akampeleka kutafuta pasipoti, tukamkatia tiketi, na wiki moja baada ya mimi kujifungua mtoto wa kiume, mama akatua. Alikuwa amevaa koti zito na kitambaa cha kichwa, amebeba unga wa ulezi na masweta matatu aliyomfumia mjukuu, pamoja na kofia zake na soksi zake. Mtoto alivishwa sweta moja papo hapo uwanja wa ndege. Akawa mwekundu kama nyanya, akalia hadi bandarini, na mama akasema, "Mnaona? Alikuwa anasikia baridi, sasa ndio anapata nguvu ya kulia."

Alipoiona mashua alisimama muda mrefu. Aliiangalia upande wa mbele na upande wa nyuma. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na yeye analala wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika mipango yetu yote tulikuwa tumesahau jambo kubwa kuliko yote. Paa lilikuwa moja.

Mume wangu alihamia nje usiku uleule, akafunga chandarua juu ya sitaha. Mama akatundika khanga katikati ya chumba chenye meza, na sheria zikatungwa bila mtu kuzitamka. Anayetaka kupita anakohoa. Mkwe anakula nje, mama anakula ndani. Maneno yote yanapitia kwa binti yangu, ambaye baada ya siku mbili alianza kudai asisumbuliwe wakati wa hesabu.

"Mwambie baba yako chai yake iko hapa."

"Baba, chai."

"Mwambie bibi yako nashukuru."

"Bibi, anashukuru. Na mimi nimefika kwenye kugawanya."

Lililotushinda ni choo. Choo cha mashua hakina mnyororo wa kuvuta. Kina mpini wa pampu, na lazima uupampu mara ishirini, na kila pampu inapiga kelele ambayo hata majirani wa mashua nyingine huisikia na kuihesabu. Mama aliingia mara moja, akapampu mara mbili, akatambua kwamba mkwe wake yuko juu ya kichwa chake, akaacha. Tangu siku hiyo hakuingia tena mpaka mkwe atoke mashuani. Mume wangu, bila kuambiwa, alilitambua hilo. Kila asubuhi saa kumi na mbili alikumbuka kitu alichosahau nchi kavu, akashuka kwenye kimashua kidogo na kupiga makasia kwenda kuzunguka gatini kwa nusu saa. Wavuvi wa pale walidhani anafanya mazoezi. Mmoja alimsifu kwa nidhamu.

Mambo mengine mama aliyaweza haraka kuliko mimi. Sokoni aligundua shelisheli, akalichoma kwenye moto wa gesi, akalionja, akatangaza kwamba ni kiazi kilichokosea kikaota mtini. Alinikanda kwa maji ya moto kila siku huku sisi sote wawili tukitoka jasho. Na kila siku saa tatu asubuhi, ambayo Makambako ni saa kumi jioni, alipanda nje na simu kwenda kulima viazi vyake. Alikuwa ameacha ekari mbili zikianza kuchipua.

"Dawa ya ukungu mmepiga?"

"Tumepiga, mama," kaka akajibu.

"Nionyeshe jani."

"Mama, mimi niko Makambako. Jani liko Uwemba."

"Basi ulijuaje kwamba mmepiga?"

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa siku ya kliniki ya mtoto. Nilishuka nchi kavu nikiwa nimembeba mgongoni, na binti yangu akaja nami. Mashuani wakabaki wawili tu, mama na mkwe wake, bila mkalimani. Halikuwa tatizo, kwa sababu yeye alikuwa chini na injini, na mama alikuwa nje kwenye usukani, anahudhuria kikao cha ukoo kwa simu. Walikuwa wanapanga siku ya kupeleka posa ya mdogo wetu. Bandani Makambako walikuwepo kaka, baba wadogo wawili, mchumbiaji mwenyewe, na dereva mmoja wa lori aliyekuja kuchukua mbao akaamua kukaa.

Yaliyotokea niliyaona kutoka gatini bila kuyasikia. Maneno nilikuja kupewa baadaye na watu watatu, na hayakulingana, lakini nimeyaunganisha.

Upepo ulishuka ghafla kutoka mlimani ukiwa na mvua ndani yake. Mashua zote za ghuba ziligeuza pua kwa pamoja. Ya kwetu iligeuka pia, kisha ikaanza kurudi nyuma. Nanga ilikuwa imeachia. Nyuma yetu alikuwepo mzee mmoja mwenye mashua nyeupe ya gharama, naye alitoka na kaptula yake akasimama na boya la kukinga mgongano mkononi, anatusubiri.

Mume wangu akatoka mbio, akawasha injini. Sasa, kazi ile ni ya watu wawili, mmoja mbele anavuta nanga, mwingine nyuma anashika usukani. Alisimama karibu na mama, akatazama mbinguni, akasema kwa upepo, "Laiti angekuwepo mtu wa kushika huu usukani." Kisha akakimbia mbele.

Mama akaiegemeza simu kwenye dira, akasimama, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mwulize mkwe nifanye nini," akamwambia kaka.

"Mkwe yuko wapi?"

"Huyu hapa mbele yangu."

"Si umwulize wewe, mama!"

"Una adabu wewe?"

Kule mbele mume wangu alipaza sauti, "Kushoto!" Mama alimsikia vizuri. Aliendelea kumtazama mwanawe kwenye simu.

"Mama, anasema kushoto," kaka akasema.

Ndipo akakata kushoto.

"Kile kishikio cha injini kisukumwe mbele kidogo!"

"Mama, anasema kishikio, mbele kidogo."

Akasukuma. Mashua ikatulia, ikaanza kusogea. Ingeendelea hivyo wangefika salama, lakini bandani Makambako kila mtu alikuwa sasa anataka kuendesha. Baba mdogo mmoja alianza kusali. Dereva wa lori alimwondoa kaka mbele ya simu, akasema, "Mama, achana na kushoto, kata kulia umpishe huyo mweupe, halafu rudisha taratibu." Kaka akasema hapana, kushoto. Baba mdogo wa pili akasema wamsikilize dereva, ana leseni. Mawimbi yakaipiga mashua ubavuni, simu ikaanguka chali, na kikao kizima cha ukoo kikabaki kinatazama mawingu ya Grenada.

Mama akainua macho. Yule mzee wa kaptula alikuwa karibu kiasi cha kumwona vifungo vya shati.

"Baba!" mama akapiga kelele. "Baba wee! Niende wapi?"

Mume wangu anasema alikaribia kuachia mnyororo. Alidhani mtu mwingine amepanda mashuani. Kisha akaelewa, akajibu kwa sauti iliyonifikia hata mimi gatini, "Kushoto, mama! Kushoto hapohapo, mama, usiache!"

Mama hakuacha. Walimpita yule mzee kwa urefu wa mkono. Kwa kuwa walikuwa wanatazamana usoni, mzee akamsalimia kwa Kiingereza, na mama, usukani mkononi, akamjibu kwa heshima salamu ya kwetu, "Kamwene."

Nilipopata mtu wa kunivusha, nanga ilikuwa imeshashika upya mahali pengine na mvua imekatika. Mume wangu alikuwa amekaa mbele kabisa, amejikunyata kama aliyevunja kitu cha watu. Mama alikuwa ndani, nyuma ya khanga.

"Nimemwita," akaniambia. "Nimemwita kwa sauti, na Makambako nzima inasikia."

"Mama, mngegonga."

"Najua." Alimpokea mtoto, akamvua sweta bila mimi kumwomba. "Mwingine angenifokea. Nilikuwa nastahili kufokewa, nilichelewa. Yeye aliniita mama mara mbili."

Nikaenda mbele kwa mume wangu. "Mama yako ana mkono mzuri wa usukani," akasema, akitazama maji.

"Nimwambie?"

"Mwambie."

Nikamwambia. Mama akaangalia pembeni, akatabasamu kama msichana.

Hata hivyo jambo halikuweza kuachwa hivyo. Mama alimpigia shangazi yetu mkubwa, na shangazi akaamua kwamba mkwe atoe kitenge na jogoo, yaishe. Kitenge kilipatikana kwa tabu, jogoo kwa urahisi. Alikaa nasi nusu siku akitembea sitahani na kuwika kila mashua nyingine ilipopita, hadi mama alipomwona amechafua tanga. Jioni ile mume wangu alikula ndani kwa mara ya kwanza. Alikuwa upande wake wa khanga, lakini ndani.

Baada ya hapo wakajiwekea utaratibu mpya. Mambo ya mashua walisemeshana moja kwa moja: kamba, nanga, hali ya hewa. Mambo mengine yote yaliendelea kupitia kwa binti yangu. Siku moja nilimsikia mama akisema, "Baba, upepo umegeuka," kisha, bila kupumua, "Mjukuu, mwambie baba yako chumvi imekwisha."

Alirudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu viazi vilikuwa tayari kuvunwa na hakumwamini kaka na jembe. Sisi tulimalizia mkataba wetu, tukarudi mwaka uliofuata, tukawahi harusi ya mdogo wetu Makambako.

Kaka ndiye aliyekuwa msema chochote, yaani mshereheshaji. Alishika kipaza sauti na kuwasimulia waalikwa jinsi alivyoendesha meli kutoka bandani kwake na kuiokoa familia nzima. Watu walipiga vigelegele. Mpaka leo wateja wake wanamwita Kapteni, na yule dereva wa lori, akipita pale, hudai nusu ya cheo. Mama aliyekuwa meza ya mbele alisema kwa sauti ya kusikika kwamba aliyeshika usukani ni yeye, na aliyekuwa kwenye simu alikuwa anachelewesha tu. Kaka akamwomba mume wangu athibitishe ukweli mbele ya wote.

Mume wangu alisimama, akafunga kifungo cha koti. Akamtazama shemeji yake. Upande wa mama hakuweza kuutazama. Akasema anawatakia maharusi maisha marefu, akaketi.