Karatasi Iliyopigwa Shabaha

Kwa miaka thelathini na zaidi Rukija Memić amebandika karatasi za misiba katika mitaa ya Dobrinja, Sarajevo. Mtu akifa, uso na jina lake hubandikwa mlangoni, kwenye mti, na kwenye ukuta mrefu karibu na soko: fremu ya kijani kwa Waislamu, nyeusi kwa Wakristo. Anajua ni mjane gani asiyeweza kuupita ukuta huo bila kusimama. Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, aliandika majina kwa mkono kwenye kurasa za madaftari ya shule, akazipigilia kwa misumari, maana unga wa kupikia gundi haukuwepo, na aliyekuwa nao aliula.

Basi mwezi wa Machi wakaja vijana wawili na kamera kubwa, wakasema wanapiga picha kuta za zamani zenye matundu ya risasi. Rukija akadhani ni watu wa makumbusho. Aliwaondolea pipa la taka mbele ya ukuta, akanyoosha karatasi iliyojikunja, akawakaribisha na kahawa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Septemba, Šemsa, mjane wa Ragib, akamletea simu aitazame. Lilikuwa tangazo la mchezo wa kompyuta wa vita, utakaotoka baada ya majuma matatu. Askari anasimama mbele ya ukuta uleule, na ili kupima shabaha ya bunduki yake anaipiga karatasi ya msiba ya Ragib, katikati ya paji la uso. Ragib huyo alibeba maji mbele ya wadunguaji muda wote wa mzingiro, hata risasi moja isimguse, akaja kufa kitandani mwake mwaka huu, akiwa na miaka themanini na moja.

Rukija alichukua koti palepale. Na kilichomkera zaidi ni kwamba waliotengeneza mchezo ule hawakuwa wageni. Ni watoto wa Dobrinja hiyohiyo, na mama zao walijificha kwenye vyumba vya chini pamoja naye. Aibu iliyoje!

Aliyempokea ofisini kwao ni mkuu wao, Vedad, kijana mwenye adabu. Alimpa kiti na maji ya matunda, akaeleza kwamba mchezo wao unawaheshimu walioteseka. Rukija akamuuliza ni heshima gani hiyo ya kumpasua mtu paji la uso.

"Shangazi, ile ni karatasi tu. Hakuna mtu aliyepigwa."

"Karatasi ile mkewe aliibusu kabla sijaipaka gundi. Mngeniambia mnatafuta cha kulengea shabaha, ningekubandikia picha yako."

Vedad akawa mwekundu hadi masikioni. Akaufungua ule ukuta kwenye kompyuta, akabonyeza, na Ragib akafutika. Akaomba radhi, akasimama ili amsindikize mgeni wake mlangoni.

Mgeni hakuinuka. Ukutani walikuwa wamebaki kumi, na wote alikuwa amewabandika kwa mkono wake. Akaonyesha fremu nyeusi: yule ni Boriša, fundi viatu, naye atolewe. Vedad akajitetea kwamba jamaa za huyo hawajalalamika.

"Watoto wake wako Uswidi. Mimi nipo hapa. Haya, umeshalalamikiwa."

Boriša akafutwa. Rukija akaweka kidole kwenye fremu ya kijani iliyofuata, ya mwanamke mwenye miwani, akataka kijana asome jina kwanza. Vedad alisema anaufahamu ukuta ule, ameutazama kila siku tangu Machi. Akaambiwa asome tu. Akainama karibu na kioo cha kompyuta, akasoma.

"Mwalimu Kanita," akasema polepole. "Ndiye aliyenifundisha darasa la kwanza. Sikujua kama amefariki."

Rukija akavua koti, akavuta kiti karibu naye.

"Na wewe umempiga risasi mara ngapi?"