Kitambaa cha Kompyuta

Kompyuta ikipata moto hutoa harufu ya vumbi lililokaangwa. Wenzangu kazini wakiinusa hushtuka na kukimbilia swichi. Mimi hutabasamu, kwa sababu harufu hiyo hunirudisha sebuleni kwetu Lurambi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa msichana wa darasa la saba mwenye magoti yaliyochubuka na majivuno ya kutosha mtaa mzima.

Sebule yetu haikuwa na kitu kilichokaa uchi. Makochi yalivaa vitambaa vya krosheti, redio ilivaa, hata chupa ya chai ilikuwa na kofia yake ya uzi wa manjano. Mama alifuma akiongea, alifuma akisikiliza taarifa, na nadhani angefuma akilala kama ingewezekana. Kwa hiyo Baba alipoleta kompyuta, sisi watoto tuliuliza inafanya nini, naye Mama akaizunguka akiipima kwa macho.

Haikuwa yetu hasa. Baba alikuwa mwalimu, na shule yao ilikuwa na stima ya kubahatisha, basi mwalimu mkuu akamruhusu aitunze nyumbani na kupigia mitihani chapa. Jioni ya kwanza Baba alitukalisha chini, akanielekezea mimi kidole. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo hata akinikaripia aliniita Mama.

"Mama, nakujua. Wewe hupendanga kugusagusa vitu. Cheza, sikatai. Lakini siku hii kitu itaharibika kwa sababu ya michezo, inarudi shule siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

Tulielewana. Shida ilianza Agosti, binamu yangu Timo alipokuja kutoka Nairobi na mchezo wa mbio za magari. Tuliuweka, tukaanza. Gari langu lilikwenda kidogo, likasimama, likaruka, likasimama tena, utadhani dereva anajifunza klachi. Timo alicheka hadi akashika mbavu.

"Hii mashini yenu ni ya kuandika barua za kanisa, Mmbone. Kwetu maboi huzifungua, wanahamisha kajampa fulani ndani, inakimbia kuliko vile ilitengenezwa."

"Hata mimi naweza," nikasema.

"Wewe? Utachoma nyumba!"

Jamani, mtu asiniambie hivyo. Nilimwahidi kwamba akirudi Desemba gari litakuwa linapaa, na kama halipai nitamwoshea viatu likizo nzima, na likipaa yeye ataosha vyangu. Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilizitaka zile mbio kuliko nilivyotaka nguo ya Krismasi.

Jumamosi moja Baba na Mama walienda matanga Malava. Nilichukua bisibisi ya cherehani, nikazima stima ukutani, nikafungua kasha. Skrubu zilikuwa ngumu. Moja ilinitoroka, na bisibisi ikateleza ubavuni mwa kasha ikachora mkwaruzo mrefu, mweupe, kuanzia juu hadi chini. Nikaupaka mate, kana kwamba ni goti langu. Haukutoka.

Lakini ndani! Ndani kulikuwa na mji mzima umelala. Nikaipata bodi kubwa, nikaipata prosesa, ubongo wa mashine, chini ya kifeni chake, na pembeni kulikuwa na vijisindano vimevishwa kofia nyeusi. Hizo kofia ndizo jampa. Kwenye bodi yenyewe walikuwa wamechapa jedwali dogo: kofia ikikaa hapa, mwendo ni huu, ikikaa pale, mwendo unaongezeka. Nikasoma kama ninavyosoma ramani ya jiografia, nikaing'oa kofia kwa kucha, nikaisogeza. Nilipofunga kasha skrubu moja haikuonekana, nikaitafuta chini ya makochi, nikakata tamaa.

Nikawasha. Gari likapaa! Niliruka sebuleni nikipiga vigelegele peke yangu, na kuku mlangoni wakatawanyika.

Wiki iliyofuata mambo yakabadilika. Mama alikuwa amemaliza kitambaa kipya, kikubwa kuliko vyote, nacho kililivika lile kasha kama gauni, mbele, kando na nyuma. "Kina mama wa kanisa wanakuja," alisema, basi. Mimi nilifurahi, maana mkwaruzo wangu ulipata pa kujificha. Ila sasa kila nikicheza kidogo, skrini inaganda. Halafu Baba naye ikamgandia katikati ya mtihani wa kidato cha pili.

Aliizima, akaiwasha. "Ikirudia tena, naipeleka," akasema. Kwa Baba hilo lilikuwa neno la mwisho.

Ningeweza kurudisha ile kofia mahali pake na mambo yaishe. Nilikataa katakata. Nilijua nilisoma jedwali sawasawa, na kosa haliwezi kuwa langu. Nikaiwasha, nikakaa kando yake nikinusa, hadi ile harufu ya vumbi ikaja. Nikapenyeza mkono nyuma, chini ya kitambaa. Lo! Joto la tanuri. Feni ilikuwa inapuliza, na kitambaa kinairudishia pumzi yake yenyewe.

Nikamwendea Mama jikoni. "Mama, kompyuta inapumulia mgongoni. Kitambaa chako kinaiziba."

Mama alifuta mikono, akaja, akaigusa kwa mgongo wa kiganja, vile vile anavyogusa paji la uso la mtoto mgonjwa. "Uuuwi! Hii iko na homa!"

"Tukitoe basi."

"Haitakaa uchi nyumbani kwangu. Ngoja."

Alifumua, akafuma upya. Kitambaa cha pili kilikuwa na dirisha kubwa mgongoni, mahali pa feni hasa, na mashine haikuganda tena.

Desemba Timo akaja, akacheza. Gari lilikuwa linapaa.

"Nani amewatengenezea?" akauliza, akinyoosha mkono kufunua kitambaa. Baba alikuwa pale pale na gazeti lake.

"Timo!" Mama aliita kwa ukali ambao hatukuuzoea. "Kazi ya mikono ya mtu haifunuliwi ovyo. Kuja ule, ingokho inapoa."

Timo akaenda kula kuku. Mimi nikamfuata nikitembea kama fahali aliyewashinda mafahali wenzake uwanjani Shinyalu, na viatu vyangu vilioshwa likizo nzima na mtu wa Nairobi.

Miaka mingi nimesimulia habari hii kama ushindi wangu. Ndiyo iliyonipeleka kwenye kazi ninayofanya, kufungua mashine za watu na kuzifunga, na sioni haya kusema naifanya vizuri. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, Mama akafungua sanduku lake na kunipa kile kitambaa nikakitumie. Nilikikunjua dirishani ili nikione vizuri. Mgongoni kulikuwa na lile dirisha la feni. Mbele uzi ulikuwa mwepesi, wa matundu matundu. Lakini ubavu mmoja, kuanzia juu hadi chini, maua yalikuwa yamebanana hata mwanga haupiti.

Nilijua mara moja ni ubavu gani.

"Mama, ulijua?"

"Baba yako angeona ule mkwaruzo, kompyuta ingerudi shule. Na wewe ulikuwa umefurahi sana." Akacheka, akanitazama juu ya miwani. "Na ile skrubu chini ya kochi? Ulidhani ilijirudisha yenyewe?"