Samaki Aliyeingia Kwenye Dripu

Juzi nilikwenda hospitali kumtazama jirani yangu. Kwenye kitanda cha pili alilala mvuvi wa Shimoni. Tangu apasuliwe kongosho alikuwa hajatia kitu kinywani wala hajasema neno. Mamake alisimama kando, chupa ya supu ya pweza ameificha ndani ya leso, maana mgonjwa hatazamwi mikono mitupu.

Daktari aliinua mifuko miwili ya dripu, yote myeupe kama tui.

“Mama, kwa sasa atalishwa kwenye mshipa. Haya ni mafuta. Huu ni wa soya pekee, na huu umechanganywa na mafuta ya samaki. Kwa hali yake, nimechagua huu wa samaki.”

“Afadhali, mwanangu,” mama akashusha pumzi. “Soya huyu haijui.”

Hapo mgonjwa akafumbua jicho moja.

“Samaki gani?”

Daktari akaugeuza mfuko, akasoma, akaugeuza tena. Aina ya samaki haikuandikwa. Mama alishapiga kigelegele, wodi nzima ikamwitikia, nami nikiwemo.

Wataalamu na waendelee kulinganisha mafuta yao. Mtu wa Shimoni akishauliza samaki gani, huyo amerudi, na jioni atalalamika kuwa dripu haikukolea chumvi.