Mama Yash na nafasi ya kupangia majina

Saa mbili na robo asubuhi, Pushpa amevua viatu na kuvaa sweta. Chumba cha kompyuta katika ofisi za muungano wa ushirika wa wakulima mjini Nakuru huwa baridi mwaka mzima, na yeye husema akibaki na soksi tu, miguu yake huisikia mashine. Sakafu ikitetemeka kidogo, diski zinafanya kazi. Ikitulia ghafla, kuna jambo.

Asubuhi hii ya Machi, sakafu imetulia.

"Kazi imekufa," anasema polepole, akisoma maandishi ya kijani kwenye skrini. "Hatua ya tatu. Nafasi haitoshi."

Nje ya mlango wa kioo, Mzee Ndung'u ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Hadi Januari alikuwa akilima ekari nne za viazi na mahindi huko Olenguruone. Sasa yeye na mkewe wanaishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Jamaa yake amempa shamba karibu na Njoro alime msimu huu, na mawingu ya masika yameanza kukusanyika. Kilichobaki ni mbegu.

Muungano unawagawia mbegu wanachama waliofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi. Lakini ghala halimpi mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha, na orodha hiyo inapaswa kuondoka na lori saa saba mchana.

Orodha inatolewa na kompyuta kubwa yenye ukubwa wa kabati tatu za nguo. Pushpa, mwenye umri wa miaka 57, alianza kazi hapa mwaka wa 1974, akitoboa kadi za kuingizia data kwenye kompyuta. Leo analipwa shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi. "Mashine wamebadilisha mara tatu," anatania. "Mimi bado wanatafuta spea."

Alizaliwa mtaa wa Bondeni, binti wa fundi cherehani. Ofisini hakuna anayemwita Pushpa. Ni Mama Yash, kwa jina la mwanawe wa pekee anayefanya kazi Naivasha.

Kazi yake ni kuzipanga kazi za mashine kwenye foleni, moja baada ya nyingine, na kuhakikisha kila moja imetengewa nafasi yake kwenye diski. Kupanga majina kunahitaji nafasi kubwa ya muda, ambayo hufutwa kazi ikiisha.

"Ni kama kuchagua maharagwe," anaeleza. "Huwezi kuchagua yakiwa ndani ya gunia. Lazima uyamwage mahali. Turubai ikiwa ndogo, yanamwagikia kwa mchanga."

Ukubwa wa turubai hiyo ni yeye anayeuandika. Kando ya kibodi yake kuna kipande cha utepe wa karatasi chenye namba 40, kwa kalamu ya wino. Kwa miaka kumi na moja, kila Machi na Oktoba, amekuwa akiitumia namba hiyohiyo. Ilitosha wanachama elfu kumi na nane.

Lakini mwaka huu kila aliyehama ameandikwa mara mbili. Mstari wa zamani unaonyesha shamba lake na ekari zake. Mstari mpya unaonyesha alipo sasa. Mashine hukutanisha mistari hiyo miwili, hukadiria mbegu kwa ekari na kuzielekeza alipo mwenye shamba. Mistari imefika elfu ishirini na sita.

"Kosa ni langu," anasema. "Nilijua watu wamehama. Nilisoma gazeti, nikalia. Lakini sikufikiria kubadilisha arobaini."

Mkuu wa kitengo, Khisa, anaingia akitazama saa.

"Mama Yash, si utoe tu ile mistari ya zamani? Kazi ipite."

"Nikitoa, ekari zinaenda wapi? Mashine itaona mtu wa hema, asiye na shamba."

"Nafasi ya kuongeza sina. Ripoti za maziwa zimejaza diski."

"Zirudishe foleni hadi alasiri."

"Watu wa maziwa watanipigia kelele."

"Waambie ni mimi. Bhajia zangu za Ijumaa wanazitaka ama hawataki?"

Khisa anacheka bila kutaka, kisha anaenda kupiga simu.

Pushpa anachukua penseli na daftari la hesabu. Anazidisha idadi ya mistari kwa urefu wake, anaongeza nusu ya ziada, anafuta, anarudia. Anapata 65. Anaiandika kwenye maagizo ya kazi na kubonyeza kitufe. Kisha anatoka akiwa na soksi tu, kikombe cha chai mkononi.

"Mzee, shika hii. Itachukua kama saa moja."

"Jina langu limepotea, mama?"

"Halijapotea. Yako mawili, ndiyo shida."

Ndung'u anatabasamu kidogo. "Na vile nimekonda, nimekuwa watu wawili."

Anakunywa chai. Kisha anauliza, akiangalia kofia yake, "Ukimaliza kupanga, lile la Olenguruone linafutwa?"

"Kile kinafutwa ni ile nafasi ya kupangia tu. Shamba lako linabaki limeandikwa."

"Na ekari zote nne?"

"Zote nne."

Saa nne na nusu, mashine ya kuchapa inaanza kupiga kelele. Karatasi zinajikunja sakafuni, na Pushpa anapiga magoti kutafuta. Kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu, anamwita mzee aone mwenyewe. Ndung'u hasomi mengi. Anaweka kidole juu ya namba nne na kukiacha hapo.

Lori linaondoka na orodha saa saba kasoro dakika kumi.

Desemba, Pushpa atastaafu na kuhamia Naivasha kwa Yash. Kabla ya hapo, mnamo Oktoba, atalipanga daftari la wanachama mara ya mwisho. Anatumaini kwamba kufikia wakati huo watu watakuwa wamerudi, kila mmoja akiwa na mstari mmoja.

Kando ya kibodi amebandika kipande kipya cha utepe. Ile 40 ya wino hajaitoa. Hii 65 ameiandika kwa penseli.

"Nataka niifute mimi mwenyewe," anasema, akitafuta viatu vyake chini ya meza.