Sketi ya Lastiki

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Lastiki, na yeye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alilitafuta kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa fundi wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa, ubavuni mwa duka la simu, na hakuna sketi iliyotoka pale bila lastiki. Mbele utaona kifungo cha heshima, kama walimu wanavyotaka. Nyuma, ndani ya mkanda, lastiki imejificha kimya. Mtoto akinenepa, sketi inanenepa naye, na hakuna anayejua. Wazazi walimpenda kwa hilo, kwa sababu sare moja ilidumu hadi rangi ikafifia.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti wa darasa la nne, na huyo naye alikuwa na jina lake la mtaani: Kibonge. Baba yake ndiye aliyempa, tena kwa mapenzi. Baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa mwili, mcheshi kupita kiasi. Kila baada ya safari chache alileta suruali ibanayo, na mkewe akafumua mshono wa nyuma, akatoa kitambaa cha akiba, akashona upya. Majirani walimsifu mama huyu kwamba ametunza mume. Ikafika siku kitambaa cha akiba kikaisha. "Hapa sasa utafute fundi mwingine," akamwambia, wakacheka wote wawili.

Fundi mwingine hakutafutwa. Asubuhi moja mume aliinama kufunga kamba za viatu, asiinuke. Hospitali wakasema ni moyo, na kwamba presha na sukari zilikuwa zimekaa mwilini mwake siku nyingi bila yeye kujua. Tangu hapo, mtu akitaja moyo mbele ya Mama Lastiki, hata kama ni kwenye wimbo wa redio, yeye huinuka kutafuta kazi ya kufanya.

Sasa, siku ya mkasa wenyewe alikuwa amepeleka mzigo wa sare shuleni. Mwalimu wa darasa la nne akamwona getini. "Afadhali umekuja, mama. Leo nesi anapima watoto, na wa kwako yuko kwenye foleni. Ingia umsikilize."

Nesi alikuwa mwanamke mfupi, wa sauti ya chini. Mizani alikuwa nayo, lakini hakuishia hapo. Alimsimamisha mtoto ukutani bila viatu, akapima uzi mnene kutoka utosini hadi kisiginoni, akaukata. Kisha akaukunja katikati na kuuzungusha kiunoni mwa mtoto. Ncha zikikutana, mtoto alikwenda zake kucheza. Zisipokutana, alibaki.

Kwa Kibonge hazikukutana. Ilibaki nafasi ya upana wa kiganja, na Mama Lastiki, aliyepima viuno maisha yake yote, akaiona kabla ya nesi.

"Kiuno kikizidi nusu ya urefu, mama, ndipo tunapoanza kuwa na wasiwasi," nesi akasema. "Mtoto anaweza kuwa mzito na asiwe na shida. Lakini mafuta yakijaa hapa katikati, sukari na presha huanza mapema, na moyo unachoka angali mdogo."

Huyo keshataja moyo. Mama wa watu akatafuta kazi ya kuinukia, haikuwepo.

Nesi akaishusha kola ya mtoto, akapitisha kidole shingoni kwa nyuma. "Hii imeanza lini?"

"Hiyo? Uchafu huo, nesi. Kila siku namsugua na dodoki. Huyu kuoga hajui."

"Si uchafu, mama. Usimsugue tena. Ngozi ya shingo ikiwa nyeusi namna hii, mara nyingi mwili unahangaika na sukari. Mlete kliniki asubuhi, asile wala asinywe chai, tumpime damu." Akainua macho. "Nyumbani kuna mwenye presha, au sukari, au tatizo la moyo?"

"Hakuna," akajibu. Na hakusema uongo, kwa sababu mwenye navyo hakuwepo nyumbani tena.

Njiani aliitazama ile shingo mbele yake. Alikumbuka dodoki, alikumbuka mtoto akilia beseni likiwa mbele yake, na yeye akimwambia watoto wenzio ni wasafi. Aibu ilimchoma. Lakini aibu, jamani, ina nafuu yake, mtu huomba radhi ikapungua. Kilichomkaa tumboni kilikuwa hofu, na hofu haina wa kuombwa radhi.

Ungedhani kesho yake alidamka kwenda kliniki. Hakwenda. Siku ya kwanza alikuwa na sare za haraka. Siku ya pili mtoto alikunywa chai kabla ya kutoka, na chai hiyo alimmiminia nani, kama si yeye mwenyewe, huku akiguna kwamba eti amesahau? Siku nyingine mvua, siku nyingine fundi wa cherehani anakuja. Alijitia hamnazo kabisa. Usimcheke. Hesabu yake ilikuwa hii: mtoto asiyepimwa hana ugonjwa, na mume wake alikuwa mzima mpaka pale madaktari waliposema hakuwa mzima.

Mchana, hata hivyo, jicho lilimsaliti. Alimtazama Kibonge akipanda ngazi, akamwona anasimama kwenye kona ya kwanza na kujifanya anafunga mkoba. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Mtoto akikoroma mama anaamka, asipokoroma anaamka pia, anaweka mkono kifuani pa mtoto ahisi kama moyo unapiga. Ulipiga. Lakini hata wa baba ulikuwa ukipiga.

Jumamosi moja akapiga moyo konde. Atapima mwenyewe, huenda nesi alikosea, huenda uzi ulikuwa mfupi. Akamwita mtoto penye cherehani, akamsimamisha kwenye nguzo. Mezani palikuwa na uzi wa kila rangi, na tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwake kama kawaida. Mkono wake ukaviacha vyote, ukachukua lastiki.

Akapima urefu, akakata, akakunja, akazungusha. Ncha zikakutana.

"Umeona?" akasema, na sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Nilijua tu. Watu wa hospitali nao wanapenda kututisha."

Mtoto akaitazama lastiki kiunoni mwake, ilivyokwenda nyembamba na kuacha alama kwenye blauzi. Akasema polepole, "Mama, umevuta."

Fundi mzima, aliyepewa jina kwa lastiki, aambiwe na mtoto wa darasa la nne kwamba lastiki inavutika. Alijua, sana alijua. Vidole vyake vikalegea na ncha zikaachana, zikarudi palepale alipoziacha nesi.

"Nikipanda ngazi kifua kinabana," Kibonge akaendelea, macho chini. "Sikukwambia kwa sababu ukisikia habari za kifua unalia. Mama, mimi nitakuwa kama baba?"

Mama Lastiki alifungua mdomo aseme hapana, hapana ikakataa kutoka. "Sijui, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nimekuwa naogopa kukupeleka. Jumatatu tutakwenda."

Na Jumatatu walikwenda. Mtoto alitolewa damu bila kulia, presha ikapimwa, ikapimwa tena. Wakakalishwa kwenye benchi kusubiri, na mama akahesabu vigae vya sakafu, akavipoteza, akaanza upya. Kila mlango ulipofunguka kijasho chembamba kilimtoka. Alishaanza kumwambia marehemu, kimoyomoyo, kwamba asithubutu kumwita huyu.

"Hana ugonjwa wa sukari," nesi akasema walipoingia. "Lakini yuko mpakani. Presha nayo imepanda kuliko inavyofaa kwa umri wake. Tutairudia siku nyingine mbili kabla hatujasema zaidi, na hicho kifua daktari atakisikiliza leo leo. Mmekuja mapema. Bado anarefuka huyu. Soda zikiondoka nyumbani na yeye akicheza kila siku, mambo yanaweza kurudi nyuma. Ila msimnyime chakula, na msimwache ale chake peke yake kama mgonjwa. Nyumba nzima mle sawa."

Safari hii, alipoulizwa tena juu ya nyumbani, alisimulia yote: lori, suruali, kamba za viatu. Nesi akaacha kuandika, akamsikiliza. Kisha akauliza, "Na wewe mwenyewe, mama, umewahi kupimwa?"

"Mimi? Mimi mzima."

Jioni hiyo alifumua lastiki kwenye sketi zote za Kibonge, akaweka mkanda mgumu na kifungo. "Ikikubana utaniambia," akasema. "Ikilegea pia utaniambia."

Kibonge alijaribu moja, akakivuta kifungo mpaka kikafunga. Halafu akachukua uzi mnene mezani, akapanda kwenye kigoda. "Simama hapo, Mama. Vua ndala."

Mama akacheka, akasimama. Magauni yake alijishonea kwa kukadiria, mapana kama pazia, na kwa miaka yote hiyo tepu ile ya shingoni haikuwahi kushuka kiunoni kwake. Mtoto akapima hadi sakafuni, akakata, akakunja, akamzungushia.

"Zimekutana?"

"Bado."

"Vuta kidogo."

"Uzi hauvutiki, Mama." Mtoto alikuwa ameishika ile nafasi iliyobaki kwa mkono mzima. "Nitabaki na nani?"

Mama Lastiki hakuinuka kutafuta kazi. Aliketi kwenye kigoda, akamvuta mtoto kifuani, mahali moyo wake mwenyewe ulipokuwa ukienda mbio.

"Kesho asubuhi," akamwambia, "hata nikikulilia, usinipe chai."