Utatu Juu ya Shaba

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka ya Mwanza yakajaa mafriza kutoka Dubai, umeme wetu ulibaki vile vile. Jioni, watu wakiwasha taa na majiko, nguvu yake ilishuka hadi balbu ikawa nyekundu kama ncha ya sigara, kisha ikarudi kwa kishindo. Mimi nilikuwa fundi redio Igogo, mtu wa kidato cha nne, na nusu ya kazi zangu zilikuwa vitu vilivyoungua kwa kishindo hicho.

Jirani yangu mmoja, mama wa Kisukuma aliyenizidi umri, aliuza barafu kwa wachuuzi wa samaki na soda baridi kwa watu waendao kupanda kivuko cha Kamanga. Mafriza yake mawili yalikuwa yameungua. La tatu alilinunua kwa akiba yake yote, akaliweka chumbani, akalifunika khanga, na akasema halitachomekwa ukutani mpaka nimpe kitu cha kulilinda. Kwa hiyo alikuwa na friza jipya na hana barafu, na wateja walishaanza kumzoea muuzaji mwingine.

Nikamtengenezea kifaa cha kukata umeme unaposhuka na kuurudisha ukitulia. Moyo wake ni bodi, yaani kibamba chenye ngozi nyembamba ya shaba upande mmoja. Unaiacha shaba pale unapotaka umeme upite, kwingine kote unaiondoa. Nilichora njia zake kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nikatumbukiza bamba kwenye tindikali, na shaba isiyopakwa rangi ikaliwa. Kifaa kilifanya kazi pale mezani. Lakini rangi ya kucha ina mambo yake: njia moja nyembamba ilikuwa imeliwa nusu, nami sikuthubutu kulikabidhi friza la mtu kwenye njia ya namna hiyo.

Ndipo akaingia mwalimu. Alikuwa kijana wa Kihaya, Mlutheri, akifundisha fizikia sekondari, na alikuja karakana kwangu kuleta redio ya kaseti iliyomeza mkanda. Nilikuwa napenda kumtania kwa kumwita nshomile, neno la kwao la mtu anayejitapa kwamba amesoma, naye hakukasirika kamwe. Aliiona bodi yangu, akaigeuza geuza, akauliza kwa nini nisitengenezewe nyingi kiwandani. Kipo kimoja Nairobi, alisema, wala hawahitaji uende. Wanataka disketi tu.

Disketi tu! Sikulala vizuri wiki ile. Mwalimu alikuwa na programu ya kuchorea bodi aliyoinakili chuoni, na duka moja la kuchapa barua mjini lilikuwa na kompyuta waliyotukodisha mchana, baina ya kadi za harusi. Nilikaa mbele ya kioo kile nikaona mstari wangu unanyooka wenyewe, haupindi, hautetemeki, na ukikosea unaufuta bila kukwangua. Mwalimu alinionyesha namna ya kupanua njia za umeme mkubwa, na kuziweka mbali na njia za umeme mdogo. Nikarudi nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba rangi yake ya kucha sasa imestaafu. Akauliza ile iliyokwisha atalipwa na nani.

Yule mama ndiye aliyegharamia bodi hizo, kwa masharti kwamba ya kwanza ni yake na zinazobaki tutaziuza sote. Akatoa na jina. "Tuko watatu," alisema. "Kiitwe Utatu."

Mwalimu hakulipenda. Aliona si heshima kulibandika neno la Mungu kwenye kitu cha kulindia soda, akapendekeza Mwanza. Mama akamjibu kwamba yeye ni Mkatoliki, anaufahamu Utatu tangu hajazaliwa mwalimu, na Mungu hachukii barafu. Mimi nikasimama upande wa mama. Tukaliandika kwenye shaba yenyewe, kwa herufi kubwa, UTATU, kwa sababu mwalimu alisema kiwanda hutumia maandishi kujua uso wa bodi uko wapi.

Kiwanda hakitaki mchoro, kinataka faili. Moja ni picha ya njia za shaba, lingine linaonyesha kila tundu liko wapi na litobolewe kwa kekee ya upana gani, la tatu ni kingo za kukatia. Tulipanga kuyatoa mafaili Ijumaa, mwalimu akimaliza kusimamia mtihani, na nilimwahidi nitamngoja. Lakini Alhamisi nikasikia mfanyabiashara mmoja anaondoka jioni kwa basi kwenda Nairobi. Nikaona hata siku moja ya kungoja ni nyingi mno. Nikaenda dukani peke yangu.

Nilibonyeza nilivyokuwa nimemwona mwalimu akibonyeza. Mashine ikauliza swali moja ambalo sikuwa nimeliona: picha igeuzwe, au isigeuzwe? Nikajiona mjanja. Kwa mkono, siku zote nilichora bodi kwa kuiangalia kutoka juu, zinapokaa rezista na vipuri vingine, kisha nikageuza karatasi na kuipitisha kwa kaboni upande wa shaba. Fundi anayejua kazi anageuza. Nikajibu igeuzwe, kila faili, na jioni disketi ikapanda basi. Sikujua kwamba programu ile ilikuwa imeshalitazama bamba kama kioo cha dirisha, kutoka juu ikiiona shaba ya chini, na kwamba kiwanda kinajua hivyo. Nilikuwa nimekigeuza kitu kisichotakiwa kugeuzwa.

Siku chache baadaye kiwanda kikapiga simu dukani, mimi nikiwa pale kwa bahati. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya taratibu. Alisema picha yangu inamtatiza, haoni uso wake ni upi.

"Ukiiangalia upande wa shaba," aliuliza, "maandishi yanasomeka?"

Nilikuwa na nakala ya karatasi mkononi. Nikaangalia. UTATU.

"Yanasomeka vizuri kabisa," nikasema.

Bodi zilipofika zilikuwa za kijani, zinang'aa, matundu yamepangika kama meno ya chanuo. Tulizipitisha mkono kwa mkono. Mwalimu alinusa moja. Mama alisema ni nzuri mno kufichwa ndani ya sanduku, akachukua moja kwenda kuwaonyesha watu sokoni. Kuhusu Alhamisi ile, mwalimu aliniambia tu kwamba angependa kuwepo. Mimi nikacheka, nikamwambia nshomile anaona wivu.

Nikaunga vipuri kwenye bodi ya kwanza, nikawasha. Aisii, kipuri kinachoamua kukata na kurudisha, mdudu mweusi wa miguu minane, akapata joto hadi akaniunguza kidole, kisha moshi. Ya pili, moshi. Nikaenda dukani nikapiga simu Nairobi na kumtukana yule mtu wa sauti ya taratibu. Nilimwita mwizi, na mbele ya watu waliokuja kuchapisha barua zao nikasema Wakenya wametuuzia takataka. Hakunikatiza. Mpaka leo nikikumbuka simu ile uso wangu unapata moto.

Nilirudi karakana nikaweka bodi ya rangi ya kucha pembeni ya ile ya kijani. Mguu wa kwanza wa aisii ulikuwa kushoto kwenye moja, kulia kwenye nyingine. Nikaiinua ile ya kijani mbele ya kioo changu cha kunyolea ndevu. Humo kiooni ilikuwepo bodi yangu ya zamani, kila njia mahali pake. Na katikati, neno lile lile: UTATU. Nikaliandika kwenye karatasi, nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Utatu. Kutoka kulia, Utatu. Katika maneno yote ya Kiswahili, tulikuwa tumechagua moja ambalo kioo hakiwezi kulisaliti.

Niliwaita wote wawili nikawaambia ni mimi, na nimefanyaje. Mwalimu aliichukua karatasi, akaigeuza mara nyingi, akaanza kucheka hadi akakaa chini. Mama hakucheka.

"Kwa hiyo mmenivalisha shati nje ndani," alisema. "Na friza langu liko uchi. Fundi, lini nitauza barafu?"

Nikasema tutaagiza nyingine. Akaniuliza kwa fedha ya nani.

Mwalimu alikuwa bado chini, na aisii mkononi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba rezista hazijali kushoto wala kulia, na transista tunaweza kuzigeuza zitazame kwingine. Anayekataa ni huyu mmoja tu. Akachukua koleo na kuanza kumkunja miguu, mmoja mmoja, kuelekea mgongoni. Nikamwelewa kabla hajamaliza. Mdudu akilala chali, kulia kwake kunakuwa kushoto. Mguu wa kwanza ukakatika. Tukachukua aisii mwingine, nikaupasha joto mguu kidogo kwa pasi ya kuchomelea, sijui kama ilisaidia, lakini ulikunjika.

Kabla ya kuwasha chochote nilikwenda kupiga simu. Nilimwambia yule mtu wa Nairobi nilichofanya, na kwamba matusi yote yananihusu mimi. Akasema, "Siku nyingine, fundi, andika hata jina la mkeo."

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa chumbani kwa mama. Khanga iliondolewa. Bodi ilikuwa ndani ya sanduku la mbao, aisii chali. Friza likaanza kunguruma, nasi tukaangalia balbu badala ya friza. Ilififia. Ikawa ya njano, kisha nyekundu.

Tak.

Friza likanyamaza. Umeme ukarudi kwa kishindo chake cha kawaida, balbu ikawaka nyeupe, redio ya jirani ikaropoka, na friza likaendelea kunyamaza, likingoja kama tulivyoliagiza. Mwalimu alikuwa amenishika mkono bila kujua.

Tak. Likanguruma.

Mama akaweka kiganja ubavuni mwake, akasikiliza, akakitoa. Kisha akatuamuru tusogee mlangoni, akaanza kubeba vikopo vya maji kuvipanga ndani, kimoja baada ya kingine, kwa barafu ya kesho.