Maranda Mabichi Katika Shamba la Mama Mkwe

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama naiona: mahindi ya mama mkwe yamepauka, na mimi niliyeyapausha nimesimama pembeni na jembe, sijui uso niuweke wapi.

Nilikuwa nimeolewa karibuni tu, huko Mpui, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kijiji kilikuwa na karakana ya kutengeneza makasha ya mbao, ya kupakia samaki wakavu wa Milepa wasivunjike njiani. Kazi yangu ilikuwa kufagia. Mabanzi na maranda yaliyobaki, yale maganda membamba ya mbao, fundi aliyachoma kila jioni, nami moyo uliniuma. Ufipa yetu unaijua: nyasi tele, miti ya kuhesabu. Na sisi hata nyasi hatuzichomi ovyo. Tunazifukia ndani ya matuta zioze, zilishe shamba. Basi nikajiona mjanja. Nikabeba maranda gunia kwa gunia, nikayafukia katika shamba la mama mkwe ili nimfurahishe.

Shamba lenyewe ndilo lililotulisha nyumbani, mbali na lile la kijiji. Mahindi yakaota, yakafika magotini, yakawa njano. Majirani wakaanza: "Huyu mkwe kaja na mkosi." Mdomo wa jirani hauna likizo, mwanangu. Nikafunga khanga zangu nirudi kwetu Pito kabla sijafukuzwa.

Mama mkwe akanikuta mlangoni na furushi. Akanishika mkono hadi shambani, akachimbua tuta moja, akanionyesha maranda. Yalikuwa bado meupe.

"Unaona? Hayajaoza. Mti si nyasi, mwanangu. Ukiufukia mbichi, unakula kwanza nguvu za udongo, mahindi yanabaki na njaa."

"Nisamehe, mama. Niliona yanapotea bure."

"Wahenga walisema akiba haiozi," akacheka, "ila hii yetu sharti ioze kwanza." Kisha akaniangalia sana. "Mke haachwi kwa kosa moja. Rudisha furushi ndani."

Nililia, sikufichi. Nilimpenda tangu siku ile. Tulimwaga samadi kwenye mashina. Mengine yakapona, mengine hapana. Mwaka ule tulikula ugali wa ulezi wa kuomba kwa dada yake, na hakunikumbusha hata mara moja kwa nini.

Akaenda pia karakanani, akamwambia fundi, "Usichome tena maranda. Mkwe wangu atakuja kuyachukua." Tukawa tunayatandika zizini chini ya ndama, kisha tunayalundika na samadi msimu mzima, ndipo yanakwenda shambani. Fundi naye akaanza kuweka vipande vifupi pembeni, vikawa vifuniko vya makasha madogo. Alidai wazo ni lake. Tulimwachia.

Basi wewe unayeshika msumeno leo, usichome kilichobaki kabla hujauliza kinafaa nini. Na ukishajua, kipe muda wake, maana haraka haraka haina baraka. Lakini kubwa zaidi ni hili: mwenzako akikosea kwa nia njema, mshike mkono, mwonyeshe alipokosea, ufanye kazi naye tena kesho. Tusiokoe maranda tukatupa watu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie mikono isiyoharibu, na siku utakapoharibu, akujalie mtu wa kukubakiza nyumbani.